Mwalimu wa Mto Ambao Hakuwahi Kuuona

Mara ya kwanza Mwalimu alipokuja nyumbani kwetu, hakukaa. Tuliishi katika nyumba za askari magereza mjini Mbale. Baba yangu alikuwa afande wa cheo kidogo na sauti kubwa, na mwalimu wa sekondari kumtembelea askari lilikuwa jambo la kufagia uwanja na kuazima kochi la jirani. Mwalimu alitusalimia wote, akampa baba mkono, kisha akampita, akalipita na lile kochi, akaenda moja kwa moja nyuma ya bafu letu la mabati. Akainama, mikono mgongoni.

"Afande," akaita, "maji yako inaenda wapi?"

"Inaenda huko," baba akajibu, akionyesha kwa kidevu.

"Huko wapi?"

"Huko chini, bwana."

"Na chini kuna nani?"

Chini kulikuwa na nyumba ya sajenti mmoja ambaye kwa miaka mingi hakuwa akisalimiana na baba. Siku hiyo ndipo familia yetu ilipoelewa sababu.

Wala hakuwa amekuja kwa ajili ya bafu. Alikuja kumweleza baba kwamba katika mtihani wa jiografia mwanawe alichora mto unaotoka ziwani na kupanda mlima. Baba alinitazama kama mahabusu aliyekutwa na tupa. Nilijitetea kwamba labda Mwalimu alishika karatasi juu chini. "Majina umeandika sawasawa," Mwalimu akasema. "Mto ndiyo inapanda." Tangu siku hiyo akaniita Afande Mdogo, na hakuniacha tena. Nafikiri alihofia kwamba akiniachia niende zangu nitachora mingine.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala baba yake aliuza nini. Yatosha kusema alikuwa Mhindi wa dini ya Kihindu, mfupi, suruali ameivuta karibu na kifua, aliyefundisha jiografia Mbale hadi mvi zikamkuta ubaoni. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani kilichochanganyika na cha kambini, na tulielewana nacho vizuri kuliko ninavyoelewana na wakwe zangu. Lile swali la maji alimwuliza kila mtu. Alimwuliza askofu. Alimwuliza bibi harusi, siku ya harusi, kuhusu nyumba aliyokuwa anahamia. Watu walicheka, lakini ukimwona Mwalimu anakuja ulijikuta unakwenda kuchungulia nyuma ya nyumba yako kwanza.

Alipostaafu alihamia Wanyange, nje kidogo ya Jinja, mahali ambapo angeweza kupiga mswaki huku anatazama ziwa. Nilimwambia nimehuzunika. Akaniambia yeye amefurahi. "Sasa uchafu yako hainifikii," akasema, na akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la gari: maji ya Mbale hushuka kutoka mlima Wanale, yakaingia mto Namatala, yakapita mashamba ya mpunga na madimbwi hadi ziwa Kyoga, na huko ndiko yanakokutana na Nile, ambayo wakati huo imeshaipita Jinja zamani. Alikuwa amestaafu kwenda juu ya mkondo wa wanafunzi wake wote. Alilipanga hilo, na hakuficha.

Katika masomo yetu kulikuwa na mito mikubwa ya dunia. Mingine tuliipa kipindi kimoja kimoja, hata Nile yetu, ambayo Mwalimu alisema tutaiona wenyewe tukipanda basi. Ganga, mto wa India, ulichukua muhula mzima. Alituanzishia kwenye barafu ya Himalaya, ambayo alisema inarudi nyuma kidogo kidogo kama nywele zake. Akatushusha katika mabonde membamba hadi Haridwar, mahali mto unapotoka milimani na kukanyaga tambarare kwa mara ya kwanza. "Na hapo hapo, haijapumua hata kidogo," alisema kwa uchungu, "wanachukua maji wanatia kwa mfereji." Mfereji huo ulichimbwa zamani na Waingereza kwa ajili ya mashamba, na mto huendelea na safari kwa kile ulichoachiwa. Halafu ikaja miji na maji yake ya vyooni. Ikaja Kanpur, ambako viwanda vya ngozi humwaga dawa zao. Ukaingia mto Yamuna, umebeba uchafu wa Delhi. Ikaja Varanasi, ambako watu huchoma wafu wao ukingoni, na maskini kuni humwishia kabla hajaisha yeye. Mwisho kabisa ulikuja mdomo wa mto huko Bengal, wenye matawi yasiyohesabika, misitu ya mikoko na matope. Mimi huko sikufika, nilikuwa nimesinzia, na kwa miaka mingi niliamini kwamba Ganga unaishia Varanasi.

Maneno peke yake hayakumtosha. Kila muhula alituweka kwenye mteremko nyuma ya shule tumwage maji, ili tuone jinsi udongo usio na majani unavyobebwa. Kazi ya kuchota ilikuwa yangu, adhabu ya ule mto wangu uliopanda. Mara moja nilitaka kumfurahisha, nikaunganisha mpira wa bustani, nikaufungulia, nikaenda kunywa chai. Tulipata siku hiyo mto mzuri ajabu, wenye matawi na visiwa, na uliishia chini ya meza ya mkuu wa shule. Mkuu alitoka ameshika viatu mkononi. Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa imeingia ofisini. Mwalimu hakuomba radhi. Alinyoosha fimbo yake akasema, "Tazama, Bwana Mkuu. Mchanga mzito imebaki mlangoni. Laini ndiyo imeingia ndani. Sawasawa na Bengal."

Mke wake tulimwita Mama Mwalimu. Alizaliwa katika mji mmoja wa tambarare kando ya Ganga, akaja Mbale akiwa bibi harusi, na mto ule aliujua kwa miguu. Mumewe aliujua kwa ramani. Nilipokula kwao nilishuhudia vita hivyo kila mara. Mwalimu alikuwa hamwagi dengu juu ya wali kama watu wengine. Alichimba bonde kwa kijiko, akaufungulia mchuzi, akaanza kutuonyesha matawi. "Kula, Mwalimu," mkewe alimwambia. "Ganga yako inapoa."

Walibishana juu ya jambo moja tu, na walilibishania maisha yao yote. Mwalimu alisema mto umeoza. Mama Mwalimu alisema Ganga ni mama, na mama hawi najisi. Nilifikiri, kwa ujinga wangu wa mtoto wa shule ya Jumapili, kwamba mama huyu haelewi sayansi. Kumbe alielewa.

"Mchafu na najisi si kitu moja," alinieleza siku moja huku akinipa chapati. "Mama yako akianguka kwa matope, nguo yake inakuwa mchafu. Utasema si mama yako?"

"Nitafua nguo," Mwalimu akadakia.

"Basi fua."

Mwalimu akarudi kwenye wali wake. Neno la mwisho lilikuwa la mkewe siku zote, na siku zote lilikuwa hilo.

Mama Mwalimu alikuwa na chungu kidogo cha shaba, kimezibwa mdomo, chenye maji ya Ganga aliyoletewa na ndugu. Wahindu wengi huweka maji hayo nyumbani. Hayanywewi ovyo, yanangojea siku mtu wa nyumba hiyo anapokata roho, atiwe tone mdomoni. Wakati huo mimi nilikuwa nimeajiriwa kwenye maabara ya maji Mbale, na Mwalimu, ambaye alichemsha maji ya bomba, akayachuja, akayachemsha tena, alikuwa akikitazama chungu kile kwa jicho la wasiwasi. Akamwomba mkewe kijiko kimoja nikakipime. Alimwomba kwa miezi. Mwishowe mama yule akakubali, akakizibua mwenyewe, akanitilia kijiko kimoja kwenye chupa niliyokuja nayo.

Nikapima. Nilirudi Wanyange na majibu, nimevaa tai. Nikawatangazia kwamba maji ya Ganga yana sukari nyingi mno. Mwalimu akavua miwani. Akaniuliza chupa ile niliitoa wapi. Nikasema niliinunua stendi ya Mbale, nikanywa soda yangu njiani, nikaisuuza. "Uliisuuza vizuri?" Nikasema niliisuuza kiasi. Mama Mwalimu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Mwalimu peke yake hakucheka. Aliwaambia wageni wote waliokuja mwezi ule kwamba mtaalamu kutoka Mbale amegundua Ganga ina ugonjwa wa kisukari.

Ninapowasimulia watu habari zake, hudhani alikuwa mtu asiyeamini. Aliamini sana. Wahindu wa Jinja hupeleka maua na nazi kwenye Nile siku za ibada, kwa kuwa maji yote yanayokwenda ni jamaa ya Ganga, na wengine walikuwa wakitupa vitu hivyo pamoja na kaveera, mfuko wa plastiki wenyewe, umefungwa fundo. Mwalimu alisimama ukingoni na wavu wa mti mrefu akivua. Wavuvi wa Wanyange walivunjika mbavu. "Mzee, hiyo si samaki!" Yeye alitoa maua na nazi akayarudisha mtoni kwa heshima, kisha kaveera akaiosha, akaianika kwenye kamba, akaikunja, akaipeleka dukani kwa mwenyewe. "Umesahau hii," alisema. Tajiri mmoja alirudishiwa yake katikati ya harusi ya binti yake, mbele ya wageni, na inasemekana hakumsamehe. Lakini tangu hapo maua yakaja mikononi. Hekaluni walimnung'unikia kwa mdomo na kumtii kwa vitendo. Gugumaji lilipoziba ukingo, wavuvi wale wale walikuja kumwuliza yeye upepo utalipeleka wapi. Aliwajibu, akakosea, wakamsamehe.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mtu huyu aliyekuwa akitaja vijito vya Ganga kama watu wanavyotaja wajukuu, hakuwahi kuuona. Hakuwahi hata siku moja. Niligundua nikiwa mtu mzima, na niligundua kwa kuropoka. Nilimwuliza mezani Haridwar kunanukaje. Mama Mwalimu akasema polepole, "Tutaenda wakisafisha."

Hayo yalikuwa maneno ya mumewe. Kila mwaka mama yule aliomba apelekwe, aweke miguu yake tena pale, na kila mwaka Mwalimu alijibu: wakiusafisha, tutaenda. Serikali ya huko ilitangaza mpango, akasema tungoje tuone. Mpango ukaja mwingine, akasema tungoje. Hakuwa bahili, na safari za London alizifanya. Naamini alikuwa anaogopa. Alikuwa amekaa na mto wake wa ramani miaka yote, ameumwa kwa ajili yake, amewagombeza watu kwa ajili yake, na hakutaka kusimama ukingoni akaona kiatu kinaelea. Mama Mwalimu alingoja. Aliugua akingoja. Siku ya mwisho Mwalimu, yule yule wa kuchemsha na kuchuja, alikizibua kile chungu kwa mkono wake akamtia tone mdomoni. Mimi nilikuwa mlangoni. Alipomaliza alimwambia neno moja kwa lugha yao, na sikuhitaji kutafsiriwa, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi kama mtu anayeomba radhi kwa yeyote aliyepo.

Mama Mwalimu alichomwa kwa desturi yao, Jinja, karibu na mto. Alikuwa ameacha neno kwamba majivu yake yapelekwe Ganga, na Mwalimu alikuwa ameahidi. Lakini daktari alikuwa amemkataza kupanda ndege kwa ajili ya moyo. Majivu hayawekwi nyumbani, kwa hiyo yalikaa katika kabati la pale pale penye uwanja wa kuchomea, ndani ya mkebe wa stili uliofungwa kitambaa chekundu. Mwalimu alikwenda kila Jumamosi, akaketi mbele ya kabati, akampa habari za mji. Watoto hawakuwa nao. Nilimsikia siku moja akimwambia bei ya nyanya. Niliumia, nikajitia nafunga kamba ya kiatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.

Ndipo ofisi yetu ilipopata nafasi ya kozi fupi ya maji kaskazini mwa India. Aliyestahili aliugua, aliyemfuata hakuwa na pasipoti, nikabaki mimi. Niliangalia ramani nikaona mji wa kozi uko mwendo wa saa moja tu kutoka Haridwar. Nilimpigia Mwalimu simu kabla sijamwambia mke wangu. Akasema, "Wewe? Na mke yangu?" Nilielewa wasiwasi wake. Ningekuwa yeye ningetafuta mtu mwingine. Mwalimu hakuwa na mtu mwingine.

Entebbe mtu wa usalama alifungua begi langu akautoa mkebe. "Hii nini?" Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maelezo marefu, yenye karatasi za hospitali na za hekalu, lakini kilichonitoka mdomoni ni, "Mke wa mwalimu wangu." Aliurudisha begini mwenyewe, taratibu, akafunga zipu, akanipigia saluti.

Ule mfereji wa Waingereza ulipita mbele ya hosteli yetu. Ulikuwa mkavu. Watu walikuwa ndani yake wanachokoa kokoto wakitafuta sarafu zilizotupwa na waumini, na mimi nikateremka, nikasimama katikati, nikapigwa picha vidole viwili juu. Kila asubuhi nilikatiza humo kwenda darasani. Mtu wa maji, mwenye cheti, anayelipwa kwa kazi hiyo, nilivuka mfereji mkavu kila siku na sikujiuliza kwa nini ni mkavu.

Jumapili nikapanda basi kwenda Haridwar, mkebe mapajani. Nikafika kwenye ngazi zile takatifu ambazo Mwalimu alituchorea ubaoni, kengele zinalia, mahekalu yamejipanga, uvumba unafuka, na chini ya ngazi kuna mawe. Mawe na vidimbwi na watu wanatafuta sarafu. Kumbe kila mwaka, kati ya sikukuu zao mbili, mfereji hufungwa ili usafishwe, na maji ya ngazi zile hutoka kwenye mkondo huo huo unaofungwa. Kila mtu mjini alijua. Ningemwuliza mpishi wa hosteli angeniambia.

Nikampigia. "Mwalimu, nimefika. Hakuna mto."

"Hakuna nini?"

"Mto. Wamefunga."

Nilisikia anapumua. Nilidhani nimemuua kwa simu. Halafu ikatoka ile sauti ya darasani, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mkewe alipofariki. "Afande Mdogo, simama. Uso yako inatazama wapi? Hapo ulisimama ni tawi ya mfereji. Mto yenyewe iko ng'ambo. Enda mashariki. Vuka daraja."

Nikavuka. Aliniongoza kutoka Wanyange, hatua kwa hatua, pinda hapa, acha hekalu mkono wa kushoto, na mimi nikamfuata huku nikigongana na watu. "Sasa mbele yako iko mto," akasema kwa furaha.

"Mbele yangu iko basi, Mwalimu."

"Basi gani?"

"Mengi. Ni stendi."

"Ramani yangu ya zamani kidogo," akakiri.

Aliyetuokoa ni padri wao mmoja, mzee mwenye mwavuli, aliyeniona nazunguka stendi na mkebe wenye kitambaa chekundu akajua shida yangu bila kuambiwa. Akanipandisha kibajaji hadi kwenye mkondo mkuu, ambao haufungwi. Pale palikuwa na maji. Yalikuwa baridi, ya kijani, yanakwenda kwa haraka, na yalikuwa na vipakiti vya plastiki vimenasa kwenye mawe, na kandambili moja inayoelea kwa raha zake. Nimeahidi nafsi yangu nisitie chumvi, kwa hiyo nasema yote mawili.

Padri alipoanza ibada aliniuliza ukoo. Wao hutaja ukoo katika sala, na Mwalimu hakuwa amenipa. Mimi, nikidhani ananiuliza mimi ni nani, nikataja ukoo wetu wa Wanale. Alifikiri kidogo, akaukubali, akautamka katikati ya Kisanskriti bila kujikwaa. Wazee wetu wa mlimani, ambao hawakuwahi kuvuka hata Tororo, wakatajwa mbele ya Ganga. Simu niliiweka juu ya jiwe, sauti juu, na kila mara Mwalimu alipiga kelele kutoka humo akitoa maelekezo ambayo padri hakuyahitaji.

Nikafungua mkebe. Nikamwaga. Majivu yakaenea mara moja, yakawa kijivu, yakawa si kitu, yakaenda. Nililia, sioni aibu kusema.

"Amekwenda?" simu ikauliza.

"Amekwenda, Mwalimu."

"Suuza mkebe. Suuza vizuri. Mtu asibaki nusu."

Safari hii nilisuuza. Nilichota na kumwaga, nikapitisha kidole kwenye kingo, nikasuuza na kitambaa, hadi padri akanishika bega akaniambia inatosha. Niliporudi darasani kesho yake nilijisikia kwamba, walau mara moja katika maisha yangu, nimeifanya kazi hadi mwisho.

Baada ya hapo Mwalimu alitulia kwa muda mrefu. Hakuniuliza mto ulikuwaje. Nilikuwa nimeandaa majibu mawili, la kweli na la huruma, yote yakaniozea. Wakati mwingine niliona anataka kuuliza, halafu akauliza habari za Namatala.

Miezi michache iliyopita nilikwenda Wanyange kumwona. Amekonda, suruali sasa inafika kifuani kweli, na miguu imevimba. Tuliketi kibarazani. Chini ziwani wavuvi walikuwa wanavuta nyavu zao na mmoja akampungia mkono. Akanipungia mimi pia, kwa heshima yake.

"Mimi nimeshaamua," Mwalimu akasema. "Siku yangu ikifika watatia mimi hapa. Nile. Hapa watu wananijua."

Nikasema vizuri, Mwalimu, si vibaya.

Akaivua miwani akaifuta kwa shati, kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. "Afande Mdogo. Ule mkebe. Hakubaki kitu?"

"Hakikubaki kitu."

"Hata kidogo? Chini, kwa kona?"

"Hata kidogo. Nilisuuza vizuri sana," nikasema, na nilisema kwa majivuno, mjinga mimi, kabla sijaona uso wake.

"Nilitaka watie mimi hapa na yeye kidogo," akasema. "Pamoja."

"Lakini Mwalimu, wewe ndiye ulisema nisuuze."

"Nilisema." Akaifuta miwani tena. "Lini wewe ulifanya nilivyosema?"

Nilimshika mkono, jambo ambalo hatukuwahi kufanya, na yeye akauacha. Nilihisi vidole vyake vyepesi. Tulikaa hivyo hadi wavuvi wakamaliza kuvuta.

"Basi utanipeleka na mimi," akasema. "Huko huko."

"Mwalimu, mto bado mchafu." Lile jibu la kweli likanitoka lenyewe, baada ya muda wote ule. "Niliuona. Una plastiki, una viatu. Hawajausafisha."

"Najua iko mchafu. Nimefundisha hiyo maisha yote." Akavaa miwani yake akatazama maji. "Mimi nimechoka kungoja."

Halafu akaniambia nisimpeleke mwezi wanaofunga mfereji. Nikamwambia nitauliza mapema. Pasipoti yangu imekwisha muda wake, na Jumatatu ninakwenda kuomba nyingine.